Pampu ya Joto: Friji Inayopasha Nyumba

Je, wajua kwamba hewa yenye ubaridi wa nyuzi 10 chini ya sifuri bado ina joto la kutosha kupasha nyumba nzima? Baridi tupu, isiyobakiza joto hata chembe, haipatikani mpaka kipimajoto kishuke hadi nyuzi 273 chini ya sifuri. Kwa hiyo hewa ya Januari mjini Oslo, ile inayofanya masikio yaume, bado ni ghala la joto. Kinachotakiwa ni kulichota na kuliingiza ndani, na hiyo ndiyo kazi ya pampu ya joto, mashine iliyoenea sana katika nyumba za Norwe, Uswidi na Ufini.

Mashine yenyewe si ngeni kwako. Ukipeleka mkono nyuma ya friji utahisi joto, nalo kwa sehemu kubwa limetolewa kwenye maziwa na mboga zilizomo ndani. Pampu ya joto ni friji iliyogeuzwa: upande wake wa baridi uko nje ya nyumba, upande wa moto uko sebuleni. Ndani ya mabomba huzunguka gesi inayochemka hata kwenye baridi kali. Aina iitwayo R-32, kwa mfano, ikiachwa kwenye kanieneo ya kawaida ya hewa huchemka kwenye nyuzi 52 hivi chini ya sifuri. Inafika kwenye koili ya nje ikiwa kimiminika, na hewa ambayo kwetu ni baridi huigeuza kuwa mvuke. Kompresa huukandamiza mvuke huo hadi ukapata moto. Ukifika ndani huachia joto lake na kurudi kuwa kimiminika, hupita kwenye valvu nyembamba inayopunguza kanieneo, kisha mzunguko huanza upya.

Umeme hapa hautengenezi joto, bali unazungusha kompresa na feni. Ndiyo maana uniti moja ya umeme huweza kuleta uniti tatu hadi nne za joto siku isiyo na baridi kali, na takriban mbili kipimajoto kikifika nyuzi 15 chini ya sifuri. Hita ya kawaida ya umeme haitoi zaidi ya uniti moja, hata iwe ya bei gani. William Thomson, anayejulikana zaidi kama Lord Kelvin, alilieleza wazo hili mwaka 1852, na mwaka 1938 jumba la baraza la mji wa Zürich lilikuwa tayari linapashwa kwa joto lililochotwa kwenye mto Limmat. Norwe, ambayo sehemu kubwa ya umeme wake hutokana na maji, ilipiga marufuku kupasha majengo kwa mafuta ya petroli kuanzia mwaka 2020.

Kwa kuwa mashine hii inahamisha joto tu, adui yake ni chochote kinachoziba njia. Ndani, adui ni vumbi. Chujio likijaa, hewa haipiti vizuri kwenye koili, kompresa hufanya kazi zaidi na bili hupanda. Majira ya baridi litoe kila mwezi, ulioshe kwa maji ya uvuguvugu na ulirudishe likiwa limekauka kabisa.

Nje, adui ni barafu, na hapa ndipo wageni wengi huingiwa na hofu bure. Unyevu wa hewa huganda kwenye mapezi ya koili, hasa kipimajoto kinapocheza karibu na sifuri. Mji wa mvua kama Bergen unaweza kuisumbua pampu kwa barafu kuliko bara kavu kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Mashine ikihisi utando umekuwa mzito, hujigeuza kwa dakika chache: hupeleka joto nje ili kuyeyusha barafu. Feni husimama, ndani hapatoki hewa moto, na huko nje hupaa wingu jeupe kama moshi. Huo ni mvuke, wala hakuna kilichoungua. Iache imalize. Theluji iliyorundikana iondoe kwa brashi laini, na uhakikishe maji yanayodondoka yana pa kwenda. Usigonge barafu kwa nyundo wala kisu: bomba likitoboka, gesi yote imekwenda.

Pampu pia hupenda mwendo wa taratibu. Kuizima usiku kucha, kisha asubuhi kuiwasha kwa nyuzi 28, ni kuikimbiza wakati ambapo ingetosha itembee. Chagua nyuzi 20 au 21 uiache.

Jambo la mwisho linawahusu pia wenye AC Dar es Salaam, Mombasa na Muscat, maana AC ni mashine hiyohiyo, na nyingine zina alama ya jua kwenye rimoti kwa ajili ya kupasha. Gesi haiishi kama petroli. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, na ikipungua, basi kuna mahali inavuja. Kujaza kila mwaka bila kuziba tundu ni kuilipia hasara, na hasara hiyo si ya mfuko wako tu. Kilo moja ya gesi aina ya R-410A ikitoroka hupasha dunia zaidi ya mara 2,000 kuliko kilo moja ya kaboni dioksidi kwa kipindi cha miaka 100. R-32 ni mara 675. Ndiyo sababu mataifa yalikutana Kigali, Rwanda, Oktoba 2016 na kukubaliana kupunguza gesi za kundi hili hatua kwa hatua. Fundi akikwambia gesi imekwisha, mwombe kwanza akuonyeshe inapovujia, apazibe, ndipo ajaze.