Je, Wajua? Bahari ya Pemba na Wanaoijua

Je, wajua kwamba Unguja na Pemba, pamoja na undugu wao wote, hazikukalia bahari ya namna moja? Unguja imepanda juu ya rafu ya bara, na maji yaliyo baina yake na Mrima ni ya kina kidogo. Pemba imejitenga. Kati yake na Tanga pana mkondo wa upana wa kilomita 50 hivi, na kina chake hufika takriban mita 800. Ndiyo maana wanyama wa kilindini, ambao kwingine mtu hutweka tanga kutwa nzima kuwafuata, Pemba hupita karibu na nchi kavu.

Je, wajua kwamba nyangumi wa bahari hii waliandikwa zaidi ya miaka elfu moja iliyopita? Al-Masudi, msafiri na mwanajiografia aliyezaliwa Baghdad, alipanda chombo Kanbalu kwenda Oman mwaka 304 Hijria, sawa na 916 au 917 Miladia. Wanahistoria wengi huona kwamba Kanbalu hiyo ni Pemba. Aliandika kwamba ambari bora ilitoka pwani ya Zanji, na kwamba wenyeji, wakimwona nyangumi aliyekufa anaelea, humwendea na mitumbwi, vyusa na kamba, wakampasua tumbo na kuitoa. Kisa cha ambari kufika humo tumboni ndicho alichokosea: alidhani huota chini ya bahari, nyangumi akaimeza ikamwua. Leo tunajua kuwa nyangumi wa ambari huitengeneza mwenyewe ndani ya utumbo, kuzunguka midomo migumu ya ngisi isiyosagika. Kwa hiyo mwandishi alikosea, lakini wenye vyusa walikuwa wakitafuta mahali penyewe hasa.

Wajua kwamba mvuvi wa zamani wa Pemba alikuwa na kalenda mbili kichwani? Ya mwezi ni ya maji. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, jua, mwezi na dunia hukaa mstari mmoja, na bamvua huja; katikati yake huwa maji mafu. Bamvua kubwa huku kwetu huweza kuyapandisha maji karibu mita nne kutoka yalipokupwa. Lakini mwezi hausaidii kitu katika pepo. Mwaka wa Hijria huupungukia wa jua siku 11 hivi, kwa hiyo Ramadhani ya kaskazi leo itakuwa Ramadhani ya kusi baada ya miaka kadhaa. Ndipo wazee wakahesabu siku 365 kuanzia Siku ya Mwaka, yaani Nairuzi, kwa makumi, wakajua kumi la ngapi kaskazi huanza kuvuma na kumi la ngapi bahari hutulia. Hakuna chuo kilichowafundisha, na hesabu inakubali.

Je, wajua pweza ana mioyo mitatu? Damu yake ni ya buluu. Sehemu kubwa ya mishipa yake ya fahamu imo mikononi, si kichwani.

Na hili ndilo linalohusu mifuko ya watu zaidi: pweza wa miambani kwetu haishi sana, mwaka mmoja na miezi kadhaa tu. Jike hutaga mara moja katika maisha yake. Hujifungia tunduni akayalinda mayai bila kula, na yakianguliwa, naye hufa. Ila akiwa kijana hukua kwa kasi ya ajabu, na yule wa robo kilo ukimwacha miezi mitatu, unaweza kumkuta amepita kilo. Mtu wa hesabu hapo ameshaelewa. Anayemchokoa pweza mdogo leo hajapata robo kilo. Amepoteza kilo nzima, pamoja na mayai yake yote.

Mwangalie mwanamke wa kusini mwa Pemba akiwa mwambani wakati wa bamvua, ndoo kichwani na fimbo mkononi. Hamtafuti pweza, kwani pweza hubadili rangi akafanana na jiwe, na utampita hatua moja usimwone. Anatafuta takataka. Magamba ya kaa yaliyoliwa juzi, makombe yaliyopasuliwa, vijiwe vilivyokusanywa mlangoni kana kwamba kuna mtu anajenga: hiyo ndiyo nyumba ya pweza. Wataalamu wa viumbe wa bahari nao huyatafuta mapango ya pweza kwa alama hizo hizo.

Wajua kwamba Kisiwa Panza, wilaya ya Mkoani, ni miongoni mwa shehia za mwanzo Zanzibar kuufunga mwamba wa pweza kwa hiari? Ilikuwa katikati ya miaka ya 2010, kwa msaada wa Mwambao, mtandao wa jamii za pwani. Mfano ulitoka Madagaska, ambako kijiji cha Andavadoaka kilianza mwaka 2004. Kamati ya wavuvi na sheha hukubaliana na wanakijiji sehemu ya kufunga na muda wake, kwa kawaida miezi mitatu hivi, halafu siku ya kufungua huchaguliwa kwa bamvua ili wanaokwenda kwa miguu nao wapate. Kwa maoni yangu ufundi mkubwa umo hapo kwenye kuchagua siku. Ukifungua wakati wa maji mafu, wazamiaji wenye miwani na boti watakomba wote, na kinamama waliovumilia miezi mitatu watarudi na ndoo tupu. Ndipo utakapojua maana ya kikao cha kijiji kisichokwisha.

Je, wajua kwamba popo mkubwa wa Pemba, asiyepatikana porini kwengine kokote duniani, alikaribia kutoweka? Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990 walikuwa wamebaki wachache mno, kwa kuliwa na kwa kukatwa miti. Vijiji vikaunda vikundi vya kuyalinda makundi ya popo, Kidike kikiwa maarufu kuliko vyote, na miaka ya 2000 wakahesabiwa zaidi ya 20,000. Baadhi ya miti waliyosalimikia iko makaburini, ambako hakuna aliyethubutu kupeleka shoka. Najua popo si wa baharini, lakini ukitaja Pemba na wanyama waliookolewa ukamruka yeye, Wapemba watakusuta.

Turudi majini. Wajua kwamba zamani wavuvi wa pwani hii walimvua kasa kwa kumtumia samaki mwingine? Chazo ana kibandiko juu ya kichwa, hujigandisha kwenye papa na kasa akasafiri bure. Wavuvi walimfunga kamba mkiani, wakimwona kasa humwachia, naye akishagandama huvutwa wote wawili taratibu. Frederic Holmwood, afisa wa ubalozi mdogo wa Uingereza Unguja, aliueleza uvuvi huo mwaka 1884 kwa jumuiya ya wataalamu wa wanyama ya London. Wao waliona ni ajabu. Wavuvi waliona ni kazi.

Leo nyama ya kasa si jambo la hadithi. Machi 2024, hapo hapo Kisiwa Panza, watu tisa walifariki baada ya kula kasa, wanane kati yao wakiwa watoto, na wengine 78 wakalazwa. Haikuwa mara ya kwanza Pemba. Novemba 2021 pia watu saba walikufa kwa sababu hiyo. Sumu inayosababisha msiba huu hudhaniwa kutokana na vile anavyokula kasa mwenyewe, na wala haimdhuru yeye. Huwezi kuiona wala kuinusa, na kupika hakuiondoi. Hakuna dawa ya kuikata. Kasa mmoja huliwa na mtaa mzima wakalala salama, na mwingine wa bahari ile ile akaua. Hapa uzoefu wa wazee haumlindi mtu, maana hakuna alama ya nje ya kumjua mwenye sumu, na anayesema "mbona sisi tulikula miaka yote" anasema kweli isiyomfaa mtoto wake.

Kwa faida ya msomaji: mwaka 2025 kasa wa kawaida aliondolewa katika daraja la walio hatarini na shirika la kimataifa la IUCN, baada ya miongo ya kulindwa duniani. Kasa wa aina ya ng'amba bado yumo katika hatari kubwa kabisa.

Je, wajua kwamba kisiwa cha Misali, magharibi ya Chake Chake, husimuliwa kuwa Nabii Khidhri alisali hapo bila msala, kwa kuwa kisiwa chenyewe kimeelekea kibla? Mwaka 1998 kilifanywa hifadhi, na upande wake wa magharibi ukawekwa eneo lisilovuliwa kabisa, huku wavuvi wakiendelea kupiga dago Bandani, kisiwani humo. Wakati huo kulikuwa na waliokuwa wakivua kwa baruti. Makatazo ya serikali hayakuwa yakisikilizwa sana. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Fazlun Khalid, aliyeanzisha taasisi ya Kiislamu ya mazingira nchini Uingereza, alialikwa na shirika la CARE kuzungumza na wavuvi na maimamu kwa hoja za Kurani: mwanadamu ni khalifa, na mizani ya viumbe si yake kuivuruga. Kilichotokea kimesimuliwa sana: wavuvi walikiri kwamba sheria ya serikali ni rahisi kuikwepa, ya Mungu si rahisi. Sisemi mahubiri yanatosha bila boti ya doria. Lakini doria bila mahubiri Misali walikuwa wameshaijaribu.

Wajua baruti moja husikika umbali gani chini ya maji? Mbali mno. Machi na Aprili 2015, timu iliyoongozwa na mtafiti Gill Braulik ilizunguka pwani ya Tanzania ikiburura kinasa sauti cha majini ili kuwasikiliza nyangumi na pomboo. Katika siku 31 walinasa miripuko 318, zaidi ya nusu yake ikiwa ndani ya kilomita 80 kutoka Dar es Salaam. Watu wa vijijini walikuwa wakilalamika tangu miaka ya 1960, na malalamiko yao yalikuwa sahihi. Msako mkubwa ulianza mwaka uliofuata utafiti huo.

Je, wajua kwamba nyangumi wenye nundu huja kuzaa kwetu? Hutoka Antaktika, wakaonekana kuanzia Juni au Julai hadi Oktoba hivi. Mtoto akizaliwa ana urefu wa mita nne. Madume wa jamii moja huimba wimbo mmoja, na wimbo hubadilishwa kidogo kidogo, wote wakafuata.

Nguva je? Wa pwani ya Afrika Mashariki waliwekwa mwaka 2022 katika daraja la hatari kubwa kabisa. Kwa Tanzania tegemeo ni upande wa delta ya Rufiji na Mafia.

Wajua kuhusu samaki aliyedhaniwa amekufa pamoja na madainosari? Silikanti alionekana Afrika Kusini mwaka 1938, ulimwengu wa elimu ukashtuka. Wa pili alipatikana Komoro mwaka 1952, na wavuvi wa huko hawakushtuka, kwa sababu walikuwa wakimvua siku zote na kumwona hana ladha. Tangu 2003 wamenaswa pia Tanzania, wengi upande wa Tanga ng'ambo ya mkondo wa Pemba, kwenye majarife ya papa yaliyotegwa kilindini. Mwaka 2009 hifadhi ya bahari ikaundwa kwa jina lake.

Na mbali na kwetu: kaskazini-magharibi ya Marekani na kusini-magharibi ya Kanada wapo nyangumi waitwao orka, sabini na kitu tu wa kundi la kusini. Wengine wa aina yao hula sili; hawa wanang'ang'ania samaki wa samoni, hasa aina ya Chinook. Samoni akizuiwa kupanda mto kutaga, orka wana njaa. Waklallam, wenyeji wa mto Elwha, walipinga mabwawa mawili ya mto huo kwa miongo mingi. Yalibomolewa kati ya 2011 na 2014, na samoni wakaanza kupanda tena hadi juu.

Kwetu hatuna samoni, lakini pomboo wa Menai, Unguja, wana balaa jengine: watafiti wameona hupumzika kwa uchache wakizungukwa na boti za watalii. Wakizimkazi waliokuwa wakiwapiga pomboo chusa hadi katikati ya miaka ya 1990 ndio leo wanaojua watapatikana wapi na saa ngapi. Wakiamua boti zisimame mbali, zitasimama.

Orka wenyewe nao si wageni kabisa Afrika Mashariki: wameonekana Watamu, Kenya. Kwa hiyo mvuvi wa Kojani, Pemba, akikwambia amemwona nyangumi mweusi mwenye baka jeupe nyuma ya jicho, usimcheke. Muulize siku, upepo na alikuwa mwamba gani, na kama alikuwa na simu mfukoni, omba picha.