Maharage Machache Kwenye Makande

Msomaji wa Mwanza ameniandikia kwamba mwalimu wake wa mazoezi anamtaka anywe unga wa protini kila asubuhi ili apungue. Yeye hunywa chai na maandazi mawili, na ikifika saa nne njaa imesharudi. Anauliza: kitu kinachowajaza misuli wanyanyua vyuma kitampunguzaje yeye kiuno? Swali lake limenirudisha kwa nzige.

Habari za protini kujenga mwili tulizisoma shule ya msingi, nazipita. Hata gharama ya kuimeng'enya, inayokula kalori 20 hadi 30 katika kila 100 za protini, naitaja tu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwenye Chuo Kikuu cha Oxford, Stephen Simpson na David Raubenheimer waliwapa nzige vyakula vya aina 25, vilivyotofautiana kwa protini na wanga. Nzige waliopewa protini haba walikula na kula, wakipitiliza wanga, wakiitafuta protini yao. Wakanenepa. Waliopewa protini nyingi waliacha mapema. Mwaka 2005 watafiti hao walipendekeza kwamba nasi binadamu tuna njaa ya namna hiyo: njaa ya protini, ambayo tumbo kujaa peke yake hakuitulizi.

Chukua sufuria ya makande. Tuseme mlaji hainuki mkekani mpaka ameze maharage mia. Mpishi akiwa mkarimu, sahani moja inatosha. Maharage yakipanda bei, mpishi akayapunguza na kujazia mahindi, mlaji yule yule atamaliza sahani mbili, kwa sababu hana njia ya kuyafikia maharage ila kwa kupitia mahindi. Shibe yake haihesabu mahindi, inahesabu maharage. Na mahindi yaliyopita njiani hayapotei, yanageuka kiuno. Sasa fikiria siku nzima kuwa sufuria moja: andazi, soda, chipsi, biskuti. Karibu yote ni mahindi, na mlaji bado anakoroga akitafuta harage.

Kwa hesabu, mwili unaodai gramu 75 za protini kwa siku, yaani kalori 300, utazipata ndani ya kalori 2,000 ikiwa protini ni asilimia 15 ya chakula. Ikishuka hadi asilimia 12, itabidi ule kalori 2,500.

Nimehangaika kulipa jambo hili jina. "Nguvu ya protini" haisemi kitu, na "mvuto wa protini" ni maneno ya wapendanao. Nimechagua wenzo wa protini. Wenzo ni ule mti unaochomekwa chini ya jiwe zito ili mtu mmoja aliinue. Siku hizi tumebaki na wingi wake, nyenzo, kwa maana ya vifaa vya kila aina hadi kalamu na karatasi, na mti wenyewe tumeusahau. Naomba tuurudishe, maana hapa ndio unaofanya kazi: asilimia 3 tu za protini zimesukuma kalori 500.

Hiyo ni hesabu ya karatasini; jaribio lililofanywa Sydney na kuchapishwa mwaka 2011 liliwafuatilia watu 22 kwa siku nne kwa kila kiwango cha protini. Protini iliposhushwa kutoka asilimia 15 hadi 10, walikula kalori asilimia 12 zaidi, nyingi zikitoka kwenye vitafunwa vya katikati ya milo. Ilipopandishwa hadi 25 hawakula pungufu; kwa hiyo hapo wenzo ulionekana upande wa upungufu tu, na msomaji wangu wa chai na maandazi yuko upande huo.

Unga wa kwenye kopo, ambao mara nyingi hutokana na maji yanayobaki maziwa yakigandishwa kuwa jibini, huwa na gramu 20 hadi 25 za protini kwa kipimo kimoja, na kalori kama 120. Ni maharage yaliyochambuliwa mahindi. Msomaji wangu akiunywa badala ya maandazi, wenzo umepata jiwe. Akiunywa juu ya maandazi, ameongeza kalori 120. Mwenye maradhi ya figo amwone daktari kwanza.

Lakini msomaji wangu anaishi Mwanza! Mayai matatu yana gramu 18 hivi za protini, na dagaa wakavu wa ziwani wanaoanikwa pale pale ni protini zaidi ya nusu ya uzito wao. Nimemwambia aweke maandazi pembeni, akaange dagaa kwa nyanya na mafuta kidogo, akamulie limau, ale hivyo wiki mbili, kisha aniandikie kama ile njaa ya saa nne bado inamjia.