Kwanza Kura, Kisha Maji: Unita Blackwell wa Mayersville (1)

Jimbo la Mississippi, kusini mwa Marekani, lilikuwa na njia nyingi za kumnyima mtu Mweusi kura, na baadhi zilikuwa zimeandikwa kabisa kwenye sheria. Mwaka 1964, aliyetaka kuingia kwenye daftari la wapiga kura alikwenda kwa karani wa kaunti, akajaza fomu ndefu, kisha akapewa kifungu cha katiba ya jimbo akinakili na kueleza maana yake. Katiba hiyo ina vifungu zaidi ya 280. Karani ndiye aliyechagua kifungu, na karani huyohuyo ndiye aliyeamua kama maelezo yametosha. Sheria ya 1962 ikaongeza kitisho kingine: jina la mwombaji lilichapishwa gazetini kwa wiki mbili, ili mwajiri wake na kila mwenye chuki alione.

Bi Unita Blackwell alikwenda kwa karani wa namna hiyo akiwa na miaka 31.

Alizaliwa tarehe 18 Machi 1933 katika kijiji cha Lula, jimboni humo, kwa wazazi waliolima pamba kwenye ardhi ya wengine. Masomo yake yaliishia darasa la nane, na hata hayo aliyapata ng'ambo ya mto Mississippi, katika jimbo la Arkansas, kwa kuwa shule za watoto Weusi wa Mississippi zilifuata msimu wa pamba. Palizi ikianza au mavuno yakifika, mtoto alikuwa shambani. Alipoolewa na kuhamia Mayersville, kazi ilikuwa ileile ya jembe na gunia.

Vijana wa SNCC, kamati ya wanafunzi waliopigania haki bila kutumia nguvu, walifika kijijini kwake mwaka huo wa 1964. Kazi yao Mississippi iliongozwa na Bob Moses, ambaye baadaye aliishi Tanzania na kufundisha hisabati Same, Kilimanjaro. Blackwell na wenzake wachache walikwenda mahakamani, kwa karani, kujiandikisha huku wazungu wenye bunduki wakizunguka na magari yao nje ya jengo. Siku hiyo alikataliwa, na alipojaribu tena akakataliwa. Mara ya tatu jina lake likaingia.

Gharama ya kujaribu ilifika mapema. Yeye na mumewe waliambiwa wasirudi tena shambani, na kibarua cha pamba ndicho kilichokuwa kinawalisha. Akaajiriwa na SNCC kwa posho ndogo mno, wakaishi kwa bustani, samaki na kazi nyingine ya mumewe. Agosti mwaka huo alikuwa Atlantic City, kwenye mkutano mkuu wa chama cha Democratic, na wajumbe wa chama cha Freedom Democratic, waliodai kuiwakilisha Mississippi badala ya ujumbe wa wazungu watupu. Walipewa viti viwili tu, wakavikataa. Katika miaka hiyo ya harakati alikamatwa zaidi ya mara 70.

Mwanawe naye aliingia kwenye harakati. Mapema mwaka 1965 yeye na wanafunzi wenzake wa kaunti yao ya Issaquena walivaa shuleni beji ndogo zenye picha ya mkono mweusi na mkono mweupe iliyoshikana. Mkuu wa shule alizipiga marufuku, na wanafunzi wapatao 300 wakasimamishwa masomo. Blackwell na wazazi wenzake wakaishitaki bodi ya elimu. Kuhusu beji walishindwa, lakini kesi hiyohiyo ilizaa amri ya kukomesha ubaguzi katika shule za kaunti.

Maandamano na jela ndivyo vinavyokumbukwa zaidi. Kwa maoni yangu, jambo lake kubwa kuliko yote lilikuwa la makaratasi: kuifanya Mayersville iwe mji. Mayersville ilikuwa makao makuu ya kaunti, yenye watu wapatao 500, lakini kisheria haikuwa mji. Haikuwa na meya wala madiwani, na hapakuwa na chombo cha kuomba fedha za serikali kuu kwa niaba ya wakazi. Watu walikosa mfumo wa majisafi na majitaka, na barabara zao zilikuwa za udongo.

Ili mahali pasajiliwe kuwa mji, sheria ya Mississippi inadai ombi lililotiwa saini na theluthi mbili ya wapiga kura walioandikishwa wa eneo hilo. Msomaji aliangalie sharti hilo vizuri. Mwanzoni mwa 1964, majirani wengi wa Blackwell wasingeweza kutia saini hiyo, maana hawakuwamo daftarini. Kazi ya uandikishaji ya 1964, ikiungwa mkono na Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ya 1965, ndiyo iliyowezesha ombi la Mayersville.

Mwaka 1976 Mayersville ikawa mji, na Blackwell akachaguliwa meya, mwanamke Mweusi wa kwanza kushika cheo hicho Mississippi. Alikishika kwa zaidi ya miaka 20. Maji yakaja, mfumo wa majitaka ukajengwa, barabara zikawekwa lami, nyumba za wenye kipato kidogo zikasimama na gari la zimamoto likapatikana.

Wiki ijayo tutaeleza safari yake ya China mwaka 1973, na jinsi mama huyu wa darasa la nane alivyopata shahada ya uzamili ya mipango ya kanda katika Chuo Kikuu cha Massachusetts mwaka 1983, akiwa bado meya.