Sufu ni Rahisi, Saa Ndizo Ghali

Sanamu za wanyama zinazoumbwa kwa sufu na sindano zimekuwa biashara inayojulikana Marekani, Ulaya na Japani. Anayezitazama dirishani huvutiwa na mbweha au bundi aliye kama hai. Anayepiga hesabu huona kitu kingine: malighafi si ghali, vifaa ni vichache, ila kazi inameza saa nyingi, na saa hizo ndizo mnunuzi asizotaka kulipia.

Chombo chenyewe kilitoka kiwandani. Mashine za kutengeneza vitambaa visivyofumwa hupigiza maelfu ya sindano kwa pamoja mpaka nyuzi zishikane. Katika miaka ya 1980, Eleanor na David Stanwood wa Massachusetts walianza kuzitumia moja moja, kwa mkono. Sindano hii haina tundu la uzi. Nyingi zina kingo tatu zenye vijino vidogo, na kila ikizama huburuta nyuzi za juu kwenda ndani, sufu ikazidi kukaza. Namba 36 ni nene, huumbia kiwiliwili. Namba 40 ni nyembamba, hulainisha uso na masikio. Ukiipinda ikiwa imezama, inakatika. Ndiyo maana fundi huitoa kwa mstari uleule iliyoingilia, na chini ya kazi yake huweka sponji nene.

Hata sufu si yoyote tu. Merino, inayosifiwa kwa mavazi, ni laini mno na huchelewa kushikana; mafundi wengi hupendelea Corriedale, yenye nyuzi nene zaidi, tena iliyochambuliwa bila kulazwa upande mmoja.

Sasa tuchukue mfano. Fundi wa Marekani amemaliza bundi kwa saa 20 na kumuuza dola 150 kupitia Etsy. Mtandao huo unakata asilimia 6.5 ya mauzo na senti 20 za kutangaza bidhaa, yaani dola 9.95. Tukiweka sufu, waya na macho ya kioo kuwa dola 12, zinabaki dola 128.05, sawa na dola 6.40 kwa saa, kabla ya makato ya kupokea malipo. Kima cha chini cha mshahara cha serikali kuu ya Marekani ni dola 7.25. Kwa maoni yangu, hapo ndipo ugonjwa wa biashara hii ulipo: fundi hupanga bei kwa kumwangalia jirani yake sokoni badala ya saa yake ukutani.

Wenye kipato cha uhakika zaidi ni wanaouza vifurushi vya kujifunzia, kama kampuni ya Hamanaka ya Kyoto, Japani, pamoja na wanaofundisha. Sufu, sindano na maelekezo hupakiwa mara elfu moja kwa ubunifu uliofanywa mara moja. Nepal imeshika njia nyingine: karakana za Kathmandu huagiza sufu ya New Zealand, huikanda kwa maji na sabuni, na kuuza nje mipira na mapambo kwa wingi.

Kenya haihitaji kuagiza. Kondoo wa Corriedale na Merino wanafugwa kwenye nyanda za juu, na wanawake wa Njoro na Nanyuki tayari wanaosha, wanachambua na kusokota sufu kwa mkono. Wale wa Njoro hufuma hata wanyama wa kuchezea. Kinachokosekana ni sindano na mafunzo, gharama ambayo kikundi kinaweza kuibeba. Ningeanza na wanyama wadogo, wa saa mbili au tatu, wanaoingia kwenye begi la mtalii, na bei ingeandikwa baada ya kuhesabu saa za aliyeshika sindano. Bundi wa saa 20 angesubiri mteja aliyemwagiza na kutanguliza nusu ya fedha.