Kutafuta mkalimani wa Kihispania na Kikorea

Kila mwaka ninawapa wanafunzi wa ukalimani zoezi hili: wanasosholojia wanakutana, wasemaji wanatoka Mexico, wasikilizaji ni Wakorea. Tafuteni mkalimani. Wengi hucheka, wakidhani nimeokota lugha mbili zisizowahi kukutana. Lakini mwaka 1905 Wakorea zaidi ya 1,000 walipelekwa kwa meli mpaka Mexico, kufanya kazi Yucatán katika mashamba ya henequen, mmea ulio ndugu wa mkonge. Na mwaka 1921 baadhi yao wakahamia Kuba. Vitukuu vyao wanasema Kihispania. Anayetaka habari zao zisikike Seoul lazima apate mtu wa kuvusha maneno.

Jibu la kwanza la darasa huwa: "Tupitie Kiingereza." Njia hiyo ipo, ni ukalimani wa kupokezana: mmoja anatoa Kihispania kwa Kiingereza, wa pili anapokea na kupeleka kwa Kikorea. Ni halali, na mikutano mikubwa huitumia. Ila kosa la wa kwanza, wa pili hawezi kuliona.

Hapo huwasimulia aibu yangu. Nilipokuwa mwanafunzi nilifanya ukalimani katika uchunguzi mmoja kijijini, kutoka Kifaransa kwenda Kiswahili. Karatasi iliuliza juu ya "ménage". Mimi nikasema "jamaa". Mama mmoja akahesabu watu 17, pamoja na wakwe, na wapwa walioko mjini. Tulijaza karatasi hivyo siku tatu. Waliotakiwa kuhesabiwa ni wale tu wanaolala pale na kula chungu kimoja. Karatasi zote zikatupwa.

Kikorea kina "gajok" kwa jamaa, "gagu" kwa nyumba kama watakwimu wanavyoihesabu, na "sikgu", neno ambalo asili yake ni vinywa vinavyokula. Kihispania kina "familia" na "hogar". Asiyejua sosholojia atashika linalomjia kwanza, kama mimi.

Kwa hiyo simwulizi mtu kama anajua lugha zote mbili. Ninamwuliza zinasimama wapi. Shirika la wakalimani wa mikutano, AIIC, lililoanzishwa mwaka 1953, hupanga lugha hivi: A ni ile anayoimiliki kabisa, B ni ya pili anayoweza kukalimania kwenda ndani yake, C anaielewa tu. Kwa hotuba peke yake, mtu wa Kikorea A na Kihispania C anatosha. Wakorea wakianza kuuliza maswali, atakwama. Pa kuanzia ni Seoul: Hankuk University of Foreign Studies ina shule ya ukalimani na tafsiri tangu 1979, na Kihispania kimo. Tena watafutwe wawili, wapokezane kila nusu saa hivi, kwani Kikorea huweka kitenzi mwishoni: kitenzi alichokitaja Mmexico mapema, mkalimani anakibeba kichwani mpaka sentensi iishe. Hotuba wapewe mapema, na orodha ya istilahi.

Mwaka huu mwanafunzi mmoja aliandika kwamba wapewe pia umri na cheo cha kila atakayesema. Wenzake walimcheka. Nilimpa alama zote: Kikorea hugeuza miisho ya vitenzi kufuatana na heshima, na "usted" ya Kihispania haimwambii mkalimani achague mwisho upi.