Kasongo 1893: mwaka mji ulipobadilisha mabwana

Tarehe 22 Aprili 1893, Kasongo ilianguka ndani ya saa chache. Mji uliokuwa kwa miaka mingi makao ya biashara ya pembe za tembo na watumwa kati ya Maniema na Zanzibar uliingia mikononi mwa Francis Dhanis, ofisa wa Dola Huru ya Kongo, nchi ambayo mfalme Léopold II wa Ubelgiji aliimiliki kama shamba lake.

Vitabu vya wakoloni vilieleza vita hivyo kuwa ukombozi wa watumwa. Ukifuata mambo ya mwaka ule mwezi kwa mwezi, hesabu inakuwa ngumu zaidi.

Kwanza, walioitwa maadui walikuwa washirika muda mfupi tu nyuma. Mwaka 1887, kule Zanzibar, Stanley alimpa Tippu Tip cheo cha wali wa Stanley Falls, Kisangani ya leo, kwa jina la Léopold. Wakati ule watumwa wa Kasongo hawakuzuia mkataba. Kilichoharibu urafiki ni pembe. Mwaka 1891 mfalme alitoa amri ya siri ili pembe na mpira viwe mali ya Dola, na wafanyabiashara wa Kasongo na Nyangwe wakaona njia yao inakatwa. Tippu Tip mwenyewe alikuwa amekwisha kurudi pwani. Kasongo ilibaki kwa mwanawe, Sefu.

Cheche iliwashwa na Gongo Lutete, mkubwa wa Ngandu, karibu na mto Lomami, aliyekuwa akipigana na kukusanya pembe kwa ajili ya watu wa Tippu Tip. Mwaka 1892 alihamia upande wa Bula Matari. Sefu alidai arudishiwe mtu wake, akavuka Lomami na jeshi, akapigwa. Mwezi Desemba Wabelgiji wawili waliokuwa Kasongo, Lippens na De Bruyne, wakauawa.

Ndivyo mwaka 1893 ulivyoanza. Mwezi Januari Mwinyi Mohara, bwana wa Nyangwe, aliuawa vitani, na kabla ya mwezi kwisha Dhanis alikuwa kwenye ukingo wa Lualaba, akiutazama mji wa Nyangwe ng'ambo ya pili. Hakuwa na mitumbwi. Majuma yakapita, pande mbili zikirushiana risasi juu ya maji, mpaka Wagenia, wenye mto wao, walipokubali kuwavusha askari. Nyangwe ikachukuliwa tarehe 4 Machi. Bila makasia ya Wagenia, hakuna anayejua vita vile vingechukua muda gani.

Baada ya Nyangwe ikafuata zamu ya Kasongo. Sidney Hinde, daktari Mwingereza aliyekuwa katika jeshi la Dhanis, aliandika kwamba Kasongo ilikuwa mji mzuri kuliko Nyangwe, na akaeleza bustani za machungwa, makomamanga na mananasi, na ghala zilizojaa chakula. Kitabu chake cha mwaka 1897 kimejaa pia hadithi za watu kula watu, na kinafaa kusomwa kwa tahadhari. Lakini kuhusu mashamba yale hakuwa na sababu ya kutia chumvi. Hakutaja kwa uzito uleule mikono iliyoyalima: watumwa waliotolewa katika vijiji vya Maniema, hapohapo jirani.

Na nani alipigana? Maofisa wa Kizungu walikuwa wachache. Waliokufa kwa wingi, pande zote mbili, walikuwa Waafrika: askari wa Force publique, watu wa Gongo Lutete na Wangwana wa Sefu. Wengi walikuwa watoto wa eneo hilohilo. Ndui ikawafuata.

Mwezi Mei vita vilifika Stanley Falls, ambako Rashid, mtu wa ukoo wa Tippu Tip, alishambulia kituo cha Dola. Chaltin alifika na msaada, Rashid akakimbia.

Halafu Septemba. Gongo Lutete, ambaye bila yeye Dhanis asingefika Kasongo, alishtakiwa kwa uhaini na maofisa wadogo waliokuwa Ngandu. Tarehe 15 alipigwa risasi. Hinde alitumwa kuchunguza mashtaka, akafika jambo limekwisha. Katika mwaka wote ule, hili ndilo tendo lililoacha kidonda kirefu zaidi. Mwezi Julai 1895 askari wa Luluabourg, wengi wao watu wa Gongo, waliasi na kumwua mkuu wa kambi yao. Uasi huo, unaojulikana kwa jina la Batetela, uliisumbua Dola kwa miaka.

Mwezi Oktoba Rumaliza, bwana wa Ujiji, alikuja kutoka upande wa Tanganyika na kujenga maboma karibu na Kasongo. Katika mapigano ya mwezi huo Sefu alikufa, na kwa upande wa Dola ofisa Ponthier naye akafa kwa majeraha. Rumaliza alishindwa Januari 1894, na tarehe 25 Kabambare ikachukuliwa. Njia ya kwenda ziwani ikafungwa.

Dhanis alirudi kwao akapewa cheo cha baron. Huko Blankenberge, pwani ya Ubelgiji, Lippens na De Bruyne walijengewa mnara. Kwa vijiji vya Maniema, minyororo ya msafara wa pwani ilipoondoka, zilifuata kazi za kubeba mizigo, chakula cha kulisha askari, na mpira.

Kasongo ya leo haisimami mahali pa ule mji wa Sefu. Wabelgiji walihamisha kituo, na mahali pa zamani pakaitwa Tongoni, yaani mahame. Wachimbaji wa mambo ya kale, akiwemo Noemie Arazi, wamefanya utafiti pale na kuandika kumbukumbu za wazee. Misikiti imebaki katika mji mpya, na Kiswahili pia. Wabelgiji wenyewe walikitumia kuamrisha askari na wafanyakazi wao, wakakipeleka mbali zaidi kuliko misafara ya Tippu Tip ilivyowahi kukipeleka.