Begi la Mgongoni Linalodumu Mwambao wa Kilwa na Lindi

Begi la mgongoni, au shanta kama wengine wanavyoliita, huchakaa kwanza mahali pawili: pale mkanda wa bega uliposhonewa kwenye begi, na kwenye zipu. Kitambaa mara nyingi hubaki kizima wakati begi limeshatupwa. Katika mwambao wa Kilwa na Lindi, sehemu hizo mbili huandamwa pia na chumvi ya bahari, mchanga, jua na mvua. Ndiyo maana begi zuri kwa macho dukani linaweza kumaliza muhula mmoja tu mgongoni.

Wakati wa kununua nao una athari. Mwaka wa shule Tanzania huanza Januari, na ukanda wa kusini hupata mvua kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Begi jipya, kwa hiyo, hukutana na mvua tangu juma la kwanza. Kwa familia nyingi za wakulima, fedha ya kulinunua hutokana na korosho, ambazo minada yake huchangamka kati ya Oktoba na Desemba. Tangu Januari 2016 ada imefutwa katika shule za umma kuanzia msingi hadi kidato cha nne, lakini sare, madaftari na begi bado ni mzigo wa mzazi. Mwenye kununua mara moja kwa mwaka, fedha ikiwa mkononi, ana sababu ya kukagua kwa makini.

Ukaguzi huanza na kitambaa. Mabegi mengi hutengenezwa kwa poliesta au nailoni, na machache kwa turubai la pamba. Nailoni huhimili msuguano vizuri zaidi, poliesta huvumilia jua kwa muda mrefu zaidi, na pamba hushika maji na kuota ukungu kwenye hewa yenye unyevu. Kwa mtu anayetembea juani kila siku, poliesta nzito ni chaguo la busara. Unene wa uzi hupimwa kwa denia, yaani uzito wa uzi kwa gramu katika urefu wa mita 9,000. Poliesta ya denia 600 inatosha kwa shule na kazini. Kipimo hicho kisipoandikwa, begi liinuliwe kuelekea kwenye mwanga: mwanga ukipenya kirahisi, kitambaa ni chepesi. Upande wa ndani huwa na utando mwembamba wa kuzuia maji. Utando unaobanduka ukikwanguliwa kwa ukucha, au unaonata vidoleni, umeshaharibika.

Baada ya kitambaa, begi ligeuzwe nje ndani. Mishono imara ni ya karibu karibu na iliyonyooka, na kingo za kitambaa zimefunikwa kwa utepe ili nyuzi zisifumuke. Pale mkanda wa bega unapoanzia, panapaswa kuonekana mshono wa mraba uliokatwa na msalaba katikati, au mishono kadhaa iliyorudiwa mahali pamoja. Mkanda ulioshikwa na mstari mmoja tu wa uzi utang'oka. Njia rahisi ya kupima ni kushika begi kwa mkono mmoja na kuvuta mkanda kwa mwingine. Matundu ya sindano yakipanuka, begi hilo halitamaliza mwaka.

Zipu ndiyo inayoumizwa zaidi na bahari. Zipu ya chuma hupata kutu na kukwama, hasa kwa anayevuka mara kwa mara kwa mashua kati ya Kilwa Masoko na Kilwa Kisiwani, au anayesafiri kwenda kisiwa cha Songo Songo. Zipu ya nailoni yenye meno ya kujiviringisha haipati kutu, ingawa kichwa chake huwa cha madini na chaweza kuliwa na chumvi. Ukubwa wa zipu hutajwa kwa namba, na namba 8 au 10 hufaa mfuko mkubwa kuliko namba 5. Zipu za YKK, kampuni iliyoanzishwa Japani mwaka 1934, zina sifa ya kudumu, lakini herufi hizo huigwa. Kwa hiyo zipu ifunguliwe na kufungwa mara kadhaa, hasa kwenye kona, ambako zipu dhaifu hukwama.

Ukubwa wa begi hufuata mwili wa mbebaji. Ushauri wa kawaida ni kwamba mzigo usizidi asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa mtu. Kwa mtoto wa kilo 30, hizo ni kilo 3, au 4.5 kwa wingi. Begi lisiwe pana kuliko mgongo wala kuning'inia chini ya kiuno, na mikanda iwe mipana yenye sponji. Kwa abiria wa bodaboda, ncha za mikanda zinazoning'inia zikunjwe na kufungwa, kwa kuwa zinaweza kunaswa na gurudumu.

Hakuna begi la kawaida la zipu lisilopitisha maji kabisa. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, ambayo zamani ilifungia madaftari, ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019. Badala yake fundi cherehani anaweza kushona mfuko wa ndani kwa kipande cha plastiki ya kufunikia meza, ukakunjwa mdomo na kuwekwa ndani ya begi.

Begi la mtumba nalo laweza kuwa imara kuliko jipya la bei ndogo, mradi utando wa ndani haunati na zipu inateleza. Mkanda ukilegea, fundi viatu huushona upya kwa uzi wa nailoni. Zipu ikiachia nyuma ya kichwa, mara nyingi kichwa ndicho kilichopanuka, na kukibana taratibu kwa koleo hurudisha kazi kwa muda. Begi lililorushiwa maji ya bahari lisuuzwe kwa maji baridi, likaushwe kivulini, na zipu ipakwe mshumaa.

Mwisho ni hesabu. Chukulia begi la shilingi 15,000 linalobadilishwa kila mwaka: kwa miaka minne limegharimu shilingi 60,000. La shilingi 40,000 linalodumu miaka hiyo minne ni nafuu kwa shilingi 20,000. Kabla ya kulipa, mnunuzi avute mkanda, afungue zipu na ageuze begi nje ndani. Rangi na picha zitazamwe baadaye.